Tuonyesheni kifungu: kupiga foto barabarani si kosa

Ndugu na dada zetu wa Bunia, ba papa na ba mama, wanafunzi, motari, wauzaji wa soko, na ninyi wote mnaotufuata kwenye simu,

Tumeulizwa swali moja mara nyingi: "Ni kweli mtu anaweza kufungwa ju ya foto?" Jibu fupi ni kwamba inafanyika, na wengi wenu mmeshaiona. Swali lenye uzito ni kama sheria inaruhusu. Leo tunaandika kwa urefu, ju jambo hili limetufikia sisi wenyewe, hapa hapa komini ya Shari.

Kilichotokea

Mmoja wa vijana wetu anaishi kwa kamera. Anapiga foto za ndoa, ubatizo, kolasyo za wanafunzi na matanga. Kamera yake ni ya okazio. Alikusanya dolari karibu miaka miwili, nyingine akazipata kwa likelemba, ndipo akaweza kuinunua.

Siku hiyo alikuwa anatoka kwenye ndoa. Njiani, ndani ya Shari, akakuta watoto wanajaza mashimo ya barabara na udongo, wanawaomba motari franga mia mbili, mia tano. Mvua ya usiku ilikuwa imekata njia karibu kati. Akasimama, akapiga foto tatu. Alitaka kutuletea tuziweke hapa, tuulize pesa za peaje zinakwenda wapi.

Kabla hajaondoka, mwanaume mwenye uniforme akamwita. Mazungumzo yalikuwa hivi, vile yeye mwenyewe alitusimulia:

— Ni nani alikupa ruhusa ya kupiga foto hapa?

— Shefu, ni barabara tu. Niko napiga mashimo.

— Hapa ni eta de sieje. Foto ni marufuku. Leta kamera.

— Shefu, naomba munionyeshe fasi iliandikwa.

— Ah! Wewe unajua mingi. Utaenda kuelezea kule mbele.

"Kule mbele" alikaa juu ya benchi tangu mchana mpaka usiku. Hakuna aliyemwambia amevunja sheria gani, na hakuna PV iliyoandikwa. Mtu mmoja alichukua kadi ya kamera akafuta kila kitu kilichokuwa ndani. Yaya yake alipoleta pesa, akaachiliwa. Risiti haikutolewa. Mnajua jina la pesa za namna hiyo: matabishi.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwenye kadi ile mlikuwa na foto tatu za mashimo, na mlikuwa pia na ndoa nzima: bibi harusi akitoka nyumbani kwao, wazazi wakibariki, na foto moja ya familia yote pamoja na koko wao aliyekuja kutoka Mahagi. Koko amesharudi kwao. Kwa umri wake na kwa hali ya barabara zetu, familia haitegemei kumuona tena Bunia. Mama wa bibi harusi hakuomba arudishiwe pesa. Alisema tu: "Mwanangu, mimi nilitaka ile moja tu."

Hatutaji kitengo wala jina la mtu. Nia yetu si kulipiza kisasi kwa askari mmoja, ambaye pengine na yeye aliambiwa na mkubwa wake kwamba foto ni marufuku, akaamini. Tunataka kuuliza swali ambalo kijana wetu aliuliza na hakujibiwa: iliandikwa wapi?

Sheria inasema nini

Tuanze na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ambayo iko juu ya kila komanda na kila mkuu wa ofisi. Kifungu cha 23 kinampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo yake, na kinataja njia tatu kwa majina: kwa kusema, kwa kuandika na kwa picha. Picha imo. Haikuingizwa na sisi vijana wa Facebook. Imo tangu mwanzo. Kifungu hicho kinaweka pia mipaka: kuheshimu sheria, utulivu wa watu wote na maadili. Hiyo tunaikubali. Kifungu cha 24 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Shimo lililokata barabara ya Shari ni habari.

Kifungu cha 17 kinasema mtu hawezi kufuatwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa kisheria wakati alipolifanya. Kwa lugha ya mtaani: kama hakuna kifungu, hakuna kosa. Askari hawezi kutunga sheria pale barabarani, hata kama ana njaa, hata kama amechoka, hata kama wewe umemjibu vibaya.

Hapo wengine watatuambia: "Ninyi vijana munasahau tuko katika eta de sieje." Hatusahau. Utawala wa kijeshi ulianza hapa Ituri na Kivu ya Kaskazini tarehe 6 Mei 2021. Mara ya kwanza uliwekwa kwa siku 30. Watoto waliozaliwa mwezi ule walikua, wakatembea, wakasema, na bado unaongezwa. Ordonansi namba 21/016 ya tarehe 3 Mei 2021 iliwapa wakuu wa kijeshi nguvu ya kupekua nyumba mchana na usiku, kukataza maandishi na mikutano wanayoona inaweza kuleta fujo, na kuzuia watu kutembea. Kesi za jinai za raia zilipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Ni nguvu kubwa sana.

Lakini Katiba iliona mbele. Kifungu cha 61 kinahesabu haki ambazo haziwezi kuguswa hata wakati wa eta de sieje: haki ya kuishi, kutoteswa, haki ya kujitetea, uhuru wa dhamiri, na kanuni kwamba kosa na adhabu lazima viwe vimeandikwa katika sheria. Rudia kusoma hiyo ya mwisho. Basi neno "eta de sieje" peke yake si kifungu. Mwenye kukataza aonyeshe uamuzi ulioandikwa, wenye tarehe na sahihi. Na kama uamuzi huo upo, ubandikwe mahali watu wanaweza kuusoma. Raia hawezi kutii karatasi iliyofichwa ndani ya droo.

Kuna pia sheria ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023. Kifungu chake cha 360 kinamwadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kupitia mitandao: mwezi 1 hadi miezi 6 ya gereza, na amande ya Franga 500 000 hadi 1 000 000, au moja ya hizo mbili. Tunaogopa vile kifungu hiki kinaweza kutumiwa, ju mara nyingi mwenye nguvu ndiye anaamua uongo ni nini. Hata hivyo, kisome vizuri: kinazungumzia uongo. Foto ya kweli, ya leo, ya barabara ya kweli, si uongo.

Na kwa wapiga foto wenyewe tunaongeza hili. Ordonansi-sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi, na foto ni kazi ya mtunzi kama vile wimbo au kitabu. Hapa Bunia mtu mkubwa akitembelea kambi ya wakimbizi wa ndani, kijana anapiga foto, kesho foto hiyo iko kwenye kalenda, kwenye bango, kwenye ripoti. Jina la kijana halipo, na hakulipwa kitu. Wale wale wanaoona kamera kuwa hatari inapoelekea kwenye mashimo wanaiona kuwa nzuri sana inapoelekea kwenye uso wao.

Kamera ya Rwampara

Ba leki wengi wanaosoma hapa walizaliwa baada ya vita vya 2003. Kwa hiyo tuwakumbushe jambo moja, bila kutaka kufungua kidonda cha kabila lolote. Kila jamii ya Ituri ilizika watu.

Tarehe 12 Februari 2003, Thomas Lubanga, mkubwa wa UPC, alitembelea kambi ya mafunzo ya Rwampara, hapa karibu na sisi. Kulikuwa na mtu wa kamera aliyefuata msafara. Alipiga video: mkubwa anahutubia askari wapya, na kati yao kuna watoto ambao kwa macho tu unaona hawajafika miaka 15. Siku ile hakuna aliyefikiri kanda hiyo itafika mbali.

Ilifika The Hague. Kesi ya Lubanga ilikuwa ya kwanza kufikia hukumu katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mashahidi walikuwa shida kubwa. Majaji waliona kwamba baadhi ya watu waliotumiwa kutafuta mashahidi hawakuaminika, na ushahidi wa vijana wengi waliosema walikuwa askari watoto ukawekwa pembeni. Lakini video haikubadilisha maneno. Haikuogopa, haikununuliwa, haikusahau. Tarehe 14 Machi 2012 majaji walimkuta na hatia ya kuandikisha na kutumia watoto chini ya miaka 15 vitani, na video ile ya Rwampara ilikuwa moja ya nguzo za hukumu. Tarehe 10 Julai 2012 alipewa miaka 14.

Jiulizeni: kama siku ile mtu angesema "foto ni marufuku, futa", wale watoto wangebaki na nini?

Si mara ya kwanza katika nchi hii. Tarehe 14 Mei 1904, kule Baringa, mmisionari mwanamke Mwingereza, Alice Seeley Harris, alipiga foto ya baba mmoja aitwaye Nsala. Alikuwa ameketi, anatazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, ambavyo ndivyo vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kumuua. Mfalme Leopold wa Pili alikuwa na pesa, magazeti na watu wa kumtetea. Foto kama ile zilionyeshwa kwenye mikutano Uingereza na Marekani, na mwaka 1908 alilazimika kuiachia Ubelgiji nchi aliyoiita mali yake.

Karibu zaidi na sisi: Februari 2017 ilitoka video ya Mwanza Lomba, kule Kasai, ikionyesha watu wenye uniforme ya jeshi wakiua raia. Msemaji wa serikali alisema kwanza kwamba ni ya kutungwa. Mwezi uliofuata askari wakakamatwa, na baadaye wengine wakahukumiwa na mahakama ya kijeshi. Tarehe 30 Agosti 2023, Goma, ndani ya eta de sieje hii hii, watu zaidi ya 50 waliuawa kabla maandamano yao hayajaanza vizuri. Simu zilionyesha miili ikitupwa ndani ya gari la mizigo. Mwanzoni watu walielezwa hadithi nyingine kabisa. Video zilipoenea, serikali ilituma mawaziri, kesi ikafunguliwa, na tarehe 2 Oktoba 2023 kolonele mmoja akahukumiwa adhabu ya kifo. Sisi hatupendi adhabu ya kifo hata kwa muuaji. Tunasema tu kwamba bila zile simu pengine hata kesi isingefunguliwa.

Njo maana tunapigania jambo linaloonekana dogo. Leo ni mashimo ya Shari. Kesho ni kitu kingine, na kijana aliyezoea kuogopa hatatoa simu mfukoni.

Na usalama?

Kuna askari wanaotusoma, tunajua. Wengine ni ndugu zetu wa damu. Tunawajibu kwa heshima.

Ituri iko vitani. CODECO wameua Djugu, ADF wanaua Irumu na Mambasa. Foto ya pozisyo ya jeshi, ya silaha, ya gari za askari zinazoenda fronti, ikiwekwa mtandaoni saa ile ile, inaweza kuua mtoto wa mtu. Sisi hatupigi foto hizo. Mwanamemba wetu akifanya hivyo, tutamwambia aondoe sisi wenyewe, kabla yenu. Kambi, ghala la silaha, chumba cha jela: hapo tunakubaliana.

Ila hofu ya kweli isigeuzwe kuwa mlango wa matabishi. Soko si kambi. Shule si kambi. Mashimo, takataka, mtaro uliobomoka, foleni ya watu wanaotafuta maji: adui hapati siri yoyote hapo, anapata tu aibu ya wakubwa wetu. Hata uwanja wa ndege wa Bunia, ambao kila mtu anatuambia usiuguse hata kwa macho, unaonekana wote kutoka juu kwenye Google Earth kwa yeyote mwenye mega kidogo. Kama kuna sababu ya kukataza foto pale chini, sawa, tutaiheshimu. Lakini ielezwe na iandikwe. Bango moja lenye maneno "Foto marufuku kutoka hapa mpaka pale" lingepunguza magomvi mengi kuliko askari kumi wanaopiga kelele.

Tena tunauliza: kwa nini marufuku hiyo inaisha pesa ikitoka? Kama foto ile ilikuwa hatari kwa usalama wa taifa saa sita ya mchana, imekuwaje saa moja ya usiku hatari ikalipwa na ikaisha? Siri ya taifa haiuzwi kwenye benchi.

Sisi pia tuna makosa

Itakuwa unafiki tukiandika juu ya makosa ya askari na kunyamaza juu ya yetu.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, CODECO waliingia katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, Djugu, wakaua watu karibu 60, wengi wao wanawake na watoto. Kila baada ya mauaji kama hayo mnajua vile simu zetu zinakuwa: maiti juu ya maiti, uso wazi, nguo zimepasuka, watoto. Tunatuma kwenye grupu la kanisa, la shule, la familia. Tunaandika "Oneni vile tunakufa". Nia ni nzuri. Lakini fikiria mama ambaye bado anamtafuta mwanawe, anafungua status ya jirani, anamuona pale. Aliyekufa hana tena mdomo wa kusema "usinionyeshe hivi". Ni sisi tunapaswa kusema kwa niaba yake.

Foto ya ushahidi na foto ya kusambaza ni vitu viwili. Ukiwa shahidi wa mauaji, piga kama unaweza bila kujiua, hifadhi, andika fasi, siku na saa, peleka kwa mwanasheria au kwa wachunguzi. Usiiweke kwenye status ili upate watazamaji.

Mwanamke aliyebakwa: uso wake usionekane kamwe, wala nyumba yake, wala nguo ambayo majirani watatambua. Mtoto: kuna sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, na kabla ya sheria kuna utu. Ukienda Kigonze, usimpange mtoto mwenye kamasi mbele ya hema ili picha yako iwe na huruma. Muulize mama yake. Akikataa, teremsha kamera na umsalimie vizuri. Mtu hapotezi haki ya uso wake kwa sababu amepoteza nyumba yake. Kifungu cha 31 cha Katiba kinacholinda maisha ya faragha kinamlinda yeye pia.

Na kosa baya kuliko yote hapa kwetu: kuchukua foto ya mtu, au ya kundi la vijana njiani, na kuandika chini "hawa ndio wauaji", au kutaja kabila lao. Katika Ituri maneno hayo yameshamwaga damu. Foto ya mwaka mwingine, ya nchi nyingine, ikiandikwa "Bunia leo asubuhi", ni risasi. Anayefanya hivyo asijifiche nyuma ya haki tunazozidai hapa. Hatutamtetea.

Tunachoomba

Kwa wakuu wa mkoa na wa muji: kama kuna fasi ambazo foto imekatazwa, toeni orodha, kwa Kiswahili, Lingala na Kifaransa, ibandikwe kwenye kila ofisi ya komini, Shari, Mbunya na Nyakasanza, na itajwe ni kifungu gani kinachokataza. Kama hakuna, semeni hadharani kwamba hakuna.

Kwa wakuu wa polisi na wa jeshi: waelezeni watu wenu, kwenye parade ya asubuhi, kwamba kufuta foto za raia si kazi yao. Kama foto ni ushahidi wa kosa, kuifuta ni kuharibu ushahidi. Kama si ushahidi wa kosa, kuifuta ni kuharibu mali ya mtu. Kwa njia zote mbili aliyefuta yuko kwenye makosa. Na mtu asiachiliwe kwa pesa isiyo na risiti.

Kwa wabunge wetu: sheria namba 23/027 ya tarehe 15 Juni 2023 inalinda watetezi wa haki za binadamu. Ifanyeni ifike mpaka kwenye bariere. Sheria inayojulikana Kinshasa tu haimsaidii kijana aliyeketi juu ya benchi Shari.

Kwa wapiga foto wa Bunia, wa studio na wa njiani: unganeni. Mmoja mmoja mtaendelea kulipa. Mkiwa kikundi chenye orodha, kadi na avoka mmoja wa kupigia simu, mambo yatabadilika.

Ukisimamishwa

Hivi ndivyo tunawaelekeza vijana wetu. Chukueni na ninyi.

Kwanza, usikimbie na usitukane. Salimia. Jina "shefu" halikugharimu kitu. Ukikimbia na kitu cheusi mkononi, mtu mwenye bunduki anaweza kufikiri vingine.

Pili, uliza kwa upole: "Nimefanya kosa gani, na ni kifungu gani?" Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema anayekamatwa lazima aambiwe sababu mara moja, katika lugha anayoisikia.

Tatu, wakichukua simu au kamera kwa nguvu, usipigane. Kamera inanunuliwa tena, wewe hapana. Omba PV ya vitu vilivyochukuliwa. Ukinyimwa, shika kichwani siku, saa, fasi na waliokuwepo, uandike ukitoka.

Nne, omba kuwasiliana na familia au avoka. Ni haki yako, kifungu kile kile cha 18. Kuwekwa kwa polisi hakuwezi kupita saa 48 bila kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya kisheria.

Tano, usitoe pesa bila risiti. Tunajua ni rahisi kuandika, ni ngumu kufanya wakati mama yako analia nje. Hatumhukumu aliyelipa. Tunamwomba tu atuambie, ili tuhesabu.

Sita, na hii ni kwa wenye kamera: msibebe kazi ya jana kwenye kadi ya leo. Ukimaliza ndoa, toa kopi kabla ya kusimama popote. Kijana wetu anasema hili ndilo somo alilolipia bei kubwa.

Tunamalizia

Jumapili iliyopita kijana wetu alirudi kwenye ile fasi, na sisi tulikuwa naye, watu tisa. Watoto walikuwa bado wanajaza mashimo, na mvua ilikuwa imeyafungua tena. Tulipiga foto mchana kweupe, tukiwa tumevaa maoni yetu juu ya karatasi kifuani: "Hii ni barabara yetu." Motari walipiga honi. Askari wawili walipita, wakatazama, mmoja akauliza tunafanya nini. Tukamweleza. Akasema: "Hata sisi gari yetu iliharibika hapa." Wakaenda zao.

Hakuna aliyekufa, hakuna siri iliyotoka. Foto za mashimo ziko chini ya tangazo hili. Ile ya koko wa Mahagi haipo tena, na hakuna mtu atakayeirudisha. Kama wewe ulikuwa kwenye ile ndoa na ulipiga hata moja kwa simu yako, hata ikiwa na giza, hata ikiwa imekatwa nusu, tuandikie. Tutaifikisha kwa yule mama.

Shari, Bunia
Sisi vijana wa harakati ya raia